Glavu za Njano

Mama alifanya kazi kiwanda cha sabuni miaka ishirini na miwili, kwenye mapipa ya magadi makali yanayounguza, na mikono yake inakwambia hivyo kabla hajafungua mdomo. Ngozi ya vidole imebabuka, kucha mbili ziling'oka zisirudi. Nilimchora amekaa kitini, mikono mapajani, viganja vikitazama juu. Ndiyo picha pekee niliyowahi kuichora bila kujidai.

Kiwanda hichohicho ndicho kilichodhamini maonyesho yangu ya kwanza. Ukumbi wao, fremu zao, kadi za mwaliko zao. Picha moja wangeitundika mapokezini, na aliyeichora angesomeshwa uchoraji mwaka mzima. Wakachagua ya Mama. Ofisa uhusiano wao, dada mpole ambaye hata kukataa anakataa kwa tabasamu, akanikalisha na kunieleza kwamba wameipenda mno, ila ile mikono itawasumbua wageni. Akauliza kwani nikimvisha glavu kutaharibika nini.

Mchagua jembe si mkulima, nikajiambia. Methali haikosi pale mtu anapotafuta pa kujificha.

Nikajidanganya kwa ufundi. Niliipaka mikono ile vanishi, nikaiacha ikauke kabisa, ndipo nikachora glavu za njano juu yake. Ukifanya hivyo rangi ya juu haishikani na ya chini. Kitambaa chenye tapentaini kinaiondoa hiyo ya juu yote. Ningezifuta glavu siku ya mwisho ya maonyesho, kabla hawajaichukua picha. Kwa hiyo Mama sijamfuta, nimemfunika tu. Nilijiona mjanja kweli.

Yeye sikumwambia. Siku ya ufunguzi alikuja saa nane mchana, amevaa lile gauni lake la harusi za watu, ameongozana na Bi Cheko, mwenzake wa pipa moja tangu usichana wao. Bi Cheko alipewa jina hilo kwa sababu hakuna jambo lisilomchekesha. Mlangoni alishamtania mlinzi kwamba asiwapekue, leo wameingia kwa mlango wa mabosi.

Wakasimama mbele ya picha. Bi Cheko akacheka, akasogea karibu, kicheko kikamkatika.

"Shoga, hizi tulipewa lini?"

Mama aligeuka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, nimejibanza nyuma ya meza ya vinywaji kama mwizi wa maandazi. Nilitaka kwenda kwake.

Mwandishi wa gazeti akanitangulia. Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa pembeni yake, na ofisa uhusiano na tabasamu lake. Mwandishi akamuuliza Mama kama huyu pichani ni yeye, na kama ni kweli enzi zao walikuwa wakivaa glavu kazini. Neno moja tu la Mama lingeniumbua, na nilistahili.

Mama akaingiza mikono yake chini ya mtandio.

"Ni mimi, baba," akasema. "Na glavu tulikuwa tunapewa. Kila mwezi."

Bi Cheko alimtazama shoga yake muda mrefu. Akachukua mkoba wake akatoka, na safari hii mlinzi hakutaniwa.

Nyumbani Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Alivua gauni, akalikunja, akakaa kwenye kigoda na beseni la vyombo vya asubuhi. Mimi nilisimama mlangoni na begi langu la kazi begani, nimekosa pa kuweka uso.

"Nimesema uongo kwa ajili yako," akaniambia. "Mbele ya mtu aliyeungua na mimi. Sasa wewe niambie kweli, mwanangu. Zile glavu zinatoka?"

Chupa ya tapentaini ilikuwa ndani ya begi, imejaa, na kitambaa chake. Siku ya mwisho ya maonyesho ilikuwa Jumamosi. Asubuhi ya Jumatatu ningeanza shule ya uchoraji.

"Hazitoki, Mama. Zimeshakauka."

Mama akaniamini. Akanyoosha mkono kwenye beseni, akaendelea kuosha vyombo.