Vitanda Arobaini na Viwili

Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, mhasibu wa Ofisi ya Afya alikuwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta kifuniko cha kalamu, ndipo alipoona jozi mbili za viatu visivyo vya ofisi ile. Viatu vya ofisi ile vyote vilikuwa vimelika visigino kwa zile ngazi za ghorofa ya tatu. Hivi vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa, na havikuwa na haraka.

"Wewe ndiye mhasibu?" sauti iliuliza kutoka juu ya viatu vikubwa.

"Ndimi," alijibu huko huko chini.

"Basi toka. Sisi ni wachunguzi wa serikali, upande wa mali ya umma."

Akatoka. Walikuwa wawili, mwanamume mrefu mwenye tai na mwanamke mwenye mkoba. Yule mwanamke alitoa pingu akaziweka mezani, karibu na mashine ya kutobolea karatasi, kama mtu anayeweka simu yake ili akae vizuri. Mhasibu alipoziona aliwafikiria watoto. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la pili, na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kuwapikia. Miaka kumi na miwili kazini hakuwahi kuondoka hata na rula ya ofisi.

Mrefu alifungua faili. "Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Vocha ya vitanda arobaini na viwili vya hospitali, vya chuma, pamoja na magodoro. Malipo yametoka yote. Jana tumeshinda hospitalini. Hakuna hata mguu wa kitanda."

Mhasibu aliivuta karatasi. Saini ilikuwa yake kweli, na ule mkia wake wa kupanda juu. Kisha akaona tarehe. Siku ile hakuwepo kazini. Siku ile alikuwa amesimama wodi namba tatu, ameinua chupa ya dripu kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hapakuwa na pa kuitundika, na mama yake amelala sakafuni juu ya shuka, siku ya nane, kati ya wagonjwa wengine waliolala vivyo hivyo. Saa kumi jioni mama alikata roho. Mhasibu aliendelea kuishikilia ile chupa mpaka muuguzi alipokuja kumshusha mkono.

Sasa, saini ilifikaje pale? Kwa desturi tu. Mkurugenzi wa ofisi ile, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Taratibu kwa kuwa kila alichosema kilianza na "taratibu zifuatwe," hakumpa mtu ruhusa mpaka amwachie vocha tupu zilizosainiwa, kazi isije ikalala. Wote walifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Mwenye harusi aliacha mbili, mwenye mgonjwa aliacha tatu, na dada wa manunuzi alipokwenda kujifungua aliacha kumi, tena kwa kuombwa mara moja tu. Mhasibu alisaini tatu zake amesimama, akasema ahsante, akakimbilia hospitali.

"Nilisaini tupu," alisema. Kisha akapaza sauti. "Jamani, nilisaini tupu! Mama yangu alikuwa anaumwa!"

"Kila mtu ana mama," alisema mwanamke wa mkoba, wala hakusema kwa ubaya.

Mrefu akaeleza kwamba sheria inamtaka aisome vocha kwa sauti mbele ya mtuhumiwa, mstari kwa mstari. Akakohoa, akaanza. Aliposoma "kitanda namba moja," kitanda kikawa kimesimama dirishani, palipokuwa na rafu ya makabrasha. Rafu yenyewe ilisogea kando kwa heshima. Juu ya kitanda alilala mzee mmoja mwembamba, ameshika kikombe cha plastiki.

"Ahsanteni," alisema mzee. "Baridi ya chini ilikuwa imenimaliza mbavu."

Mrefu akaweka tiki, akasoma namba mbili.

Vilikuja hivyo hivyo, kimoja kimoja, kila kimoja na mtu wake. Wote walikuwa watu waliofia sakafuni wodi namba tatu, na walikuja na mashuka yao na mabeseni yao. Karani wa masjala aliinua chai yake isimwagike, akalalamika kwamba hakuna aliyemwambia mapema aandae nafasi. Ilipofika namba kumi na tano chumba kilijaa, ikabidi mlango ufunguliwe ili vingine vikae kwenye korido. Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa aliuliza choo kiko wapi. Karani akampeleka, akamtahadharisha kuwa maji hakuna.

Kitanda namba thelathini na moja kilisimama mlangoni kabisa. Aliyekuwa juu yake alikuwa mama yake mhasibu.

Mhasibu alishika meza. Ofisini watu walishawahi kupokea wageni bila miadi, na wafu wana haki ya kufuatilia mambo yao, hilo hakuna aliyelipinga. Kilichomkata maini ni vile mama yake alivyoligonga lile godoro kwa kiganja, polepole, akizungusha macho kutoka kitanda hadi kitanda.

"Kumbe vilikuwa hapa kwako," mama alisema.

"Mama, hapana."

"Uliniambia umeuliza kila mahali."

"Niliuliza, mama! Wallahi niliuliza. Hivi havikuwepo, ndiyo kwanza vimekuja sasa hivi, muulize huyu bwana!"

"Sikulaumu, mwanangu. Kazi ni kazi, una watoto." Mama akajilaza upande, kama alivyokuwa akijilaza akiwa hai anapotaka maneno yaishe.

Mhasibu alilia pale pale mbele ya watu, kwa sauti, bila kuficha uso. Mrefu alingoja kidogo, kisha akasoma namba thelathini na mbili.

Vilipotimia arobaini na viwili, Mzee Taratibu akaja, amepita kwa ubavu kati ya vitanda, akiwapa pole wagonjwa mmoja mmoja. Uso ulikuwa umemjaa furaha. "Si nilisema? Mali ipo! Taratibu zilifuatwa."

Wachunguzi walikagua. Walipima godoro kwa vidole, wakatikisa chuma. Mwanamke wa mkoba alikubali kwamba mali iliyolipiwa imeonekana kwa macho, na idadi ni kamili. Kilichopungua ni hati ya kupokelea tu. Mhasibu akisaini kwamba alivipokea, kesi haipo, wala kwake wala kwa mtu mwingine. Asiposaini, basi ni mtu aliyelipia vitu ambavyo havikupokelewa, na ataondoka nao sasa hivi.

"Lakini vitanda hivi havikununuliwa," alisema mhasibu. "Pesa imeliwa. Hawa watu wamekufa!"

"Vifo hatuvichunguzi sisi," alisema mrefu. "Vifo vina ofisi yake."

Mzee Taratibu akamsogezea hati na kalamu. "Tarehe weka wiki moja kabla ya malipo. Taratibu zinataka mali ipokelewe kwanza, ndipo ilipwe."

Mhasibu akahesabu moyoni. Wiki moja kabla ya malipo ilikuwa siku ile aliyomfikisha mama yake hospitali, wakaambiwa watafute pa kutandika. Akiandika hivyo, atakuwa amethibitisha kwa mkono wake kwamba siku zote zile nane vitanda vilikuwa hapa. Akaziangalia pingu. Akafikiria watoto wakitoka shule saa nane, wakute mlango umefungwa. Akamtazama mama yake.

"Andika," alisema mama bila kugeuka. "Nani atawalisha?"

Akaandika.

Wachunguzi walichukua nakala, wakachukua pingu zao, wakaaga vizuri. "Una bahati, dada," alisema mwanamke wa mkoba.

Kesho yake asubuhi simu iliita. Alikuwa muuguzi wa wodi namba tatu. "Dada, nasikia vitanda vimepatikana. Nina mama mmoja hapa sakafuni, ana mimba ya miezi minane, presha imepanda vibaya. Naomba hata kimoja."

Kabla mhasibu hajajibu, mama yake alikuwa ameshashuka, anakunja shuka lake. "Mpe changu. Mimi sakafu nimeshaizoea."

Wakakisukuma wawili, mama na mwana, miguu ya chuma ikikwaruza sakafu, mpaka kwenye ngazi. Pale mlinzi akawazuia. Mali ya serikali haishuki bila hati ya kutolea yenye saini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko semina, anarudi Ijumaa. Mhasibu alimsihi, akamkaripia, akamsihi tena. Mlinzi alisema anaelewa kabisa, na yeye pia ana dada mjamzito.

Mhasibu akarudi kwenye simu. "Ijumaa," alisema.

"Ijumaa?" alisema muuguzi. "Dada, huyu hafiki Ijumaa."

Simu ilipokatika, mama alikuwa ameshatandika shuka lake sakafuni kando ya ukuta, anajilaza. Alimwona binti yake anataka kukirudisha kile kitanda mahali pake, akamzuia kwa mkono.

"Kiache hapo hapo karibu na ngazi," alisema. "Yule mjamzito atakikuta akija."

Mhasibu akalinyoosha godoro, akaleta shuka safi la kwake la akiba, akakunja pembe zake vizuri. Kisha akaenda mezani kumalizia hesabu za mwezi.