Chakula cha Mwisho cha Tumwine

Mume wangu Tumwine alikufa vitani Burma mwaka 1944. Habari zilitufikia Nyabiyonza kwa karatasi moja, na karani wa baraza aliisoma mara mbili kwa sababu mama mkwe wangu, Jovitha, alimwambia arudie. Haikusema amezikwa wapi. Tulikaa matanga bila maiti na bila kaburi, na siku ya kuondoa matanga ilipofika mama mkwe alikataa. Alisema hawezi kumaliza kumlilia mtu ambaye hajui alikufaje. Tuliendelea hivyo karibu miaka miwili, mimi na yeye katika nyumba ile, tukilima kibanja chetu cha migomba na kuchuma kahawa, kila mmoja na ukimya wake.

Shemeji yangu Muhangi, kaka mkubwa wa Tumwine, alirudi mwaka 1946. Walikuwa wameondoka pamoja, wote wawili wakachukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, na walikuwa platuni moja hadi mwisho. Alishuka kwenye lori Nyakahanga, akatembea hadi nyumbani akiwa na koti la jeshi na viatu vilivyokuwa vikubwa kuliko miguu yake. Alikuwa amekonda. Mama mkwe alimkumbatia, akamkalisha, akamletea maji ya kunywa, na kabla hajayamaliza akamuuliza mdogo wake alikufaje.

Muhangi akasimulia. Tumwine alipata homa ya msituni, akabebwa kwa machela hadi kwenye hema la hospitali, padre akamwombea, akafa usingizini. Alisimulia vizuri na kwa upole, na mimi nililia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa sababu niliona kwamba hakufa peke yake.

"Siku ile ya mwisho alikula?" mama mkwe aliuliza.

"Alikula, mama. Maharage ya kopo."

"Maharage gani hayo?"

Muhangi akamweleza. Maharage madogo yaliyookwa pamoja na nyanya na sukari hadi rojo ikawa nzito. Askari walipewa kwenye makopo, wakayala hata baridi. Kabla ya kuvuka kwenda Burma, walipokuwa kambini Seiloni, Muhangi aliwahi kuwekwa jikoni, na makopo yalipoadimika mpishi wao aliyapika mwenyewe kutoka maharage makavu. Muhangi aliona namna yanavyofanywa.

Mama mkwe alikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Mwisho akasema kwamba tutaondoa matanga, lakini siku hiyo Muhangi atapika chakula alichokula Tumwine mara ya mwisho, na sisi watatu tutakila. Haikuwa desturi ya mtu yeyote. Ilikuwa yake mwenyewe. Muhangi alisema hakuna haja, kwamba hatapata vitu vyote, kwamba wazungu waliweka nyama ya nguruwe na yeye hana. Mama mkwe akamwambia atumie alivyo navyo.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Baba yao mdogo, mzee Ndyamukama, alikuwa ameshasema kwamba matanga yakiondolewa Muhangi anichukue mimi, ili nisirudi kwetu Kanoni mikono mitupu. Mkatekista hakupenda, lakini mzee hakumwuliza mkatekista. Mimi sikuwa nimekataa. Nilikuwa nimeanza kumfulia Muhangi shati lake. Alikuwa na sauti ya Tumwine, na jioni akizungumza nje nilikuwa naacha nilichokuwa nafanya nikasikiliza.

Muhangi alichagua maharage kwenye ungo, akatoa makubwa yote akabakiza madogo yanayolingana. Akayaloweka. Asubuhi yalikuwa yamevimba, akamwaga yale maji, akaweka mengine, akayabandika mafigani. Hakutaka yaive kabisa. Kila baada ya muda aliteka machache kwa upawa akayapuliza, na ganda lilipoanza kujikunja kwa pumzi yake akaepua. Nyanya alizichemsha peke yake, akazipondaponda na kuzichuja. Sukari haikupatikana dukani kwa Mhindi tangu vita, kwa hiyo tulitumia asali. Akatia vitunguu, chumvi, na mafuta ya ng'ombe badala ya ya nguruwe. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akalijaza makaa, akaketisha chungu ndani, akaziba mdomo wake kwa majani ya mgomba na kigae, kisha akapalia makaa mengine juu.

"Sasa yanakaa," alisema. "Hadi alasiri. Mtu akiharakisha yanakuwa maharage ya kawaida tu."

Mama mkwe alileta mkeka akakaa karibu na lile shimo. Hakwenda shambani. Kila baada ya saa moja hivi Muhangi alifunua, akaongeza maji ya moto kidogo, akafunika tena.

"Tumwine aliyapenda?" mama mkwe aliuliza.

"Kila mtu aliyapenda."

"Nakuuliza yeye."

"Aliyapenda, mama."

Alasiri akafukua chungu. Rojo ilikuwa nyekundu iliyoiva, nzito, na harufu yake ilikuwa ya utamu na moshi. Mama mkwe akapakua mwenyewe katika mabakuli matatu. Aliomba kwa ufupi. Akaonja, akatafuna polepole, akaonja tena.

"Ni matamu," alisema. "Nimefarijika. Angalau mwanangu alikufa ameshiba."

Muhangi alikuwa hajagusa bakuli lake. Akaliweka chini.

"Hakushiba, mama."

Mama mkwe akamtazama.

"Hapakuwa na hema," Muhangi alisema. "Hapakuwa na padre. Nilikudanganya."

Alisimulia akiwa anatazama makaa. Ilikuwa majira ya mvua, katika bonde linaloitwa Kabaw, na chakula chao kilikuwa kikiangushwa na ndege kutoka angani. Mawingu yalishuka, ndege hazikuja siku nne. Tumwine alishikwa na homa akashindwa kutembea. Platuni ilipewa amri ya kusonga mbele, Muhangi akaachwa naye chini ya turubai kungoja wabebaji wa machela. Waliachiwa kopo moja la maharage, la watu wawili.

"Nilimlisha vijiko vitatu. Akasema imetosha, akalala. Mimi nilikuwa sijala tangu juzi yake. Nikasema nitakula nusu yangu. Nikala. Kisha nikasema yeye ana homa, mgonjwa hali sana, nikala kidogo tena. Sikukusudia kumaliza, mama. Nilikuwa nachota kijiko kimoja, nafunika, naweka chini. Halafu nachota tena."

Tumwine aliamka akaomba maharage. Muhangi akamwambia wabebaji wako njiani na chakula kingi. Akaomba tena. Ndipo Muhangi akainuka akasema anakwenda kuwatafuta.

"Nilikwenda kweli. Nilikuta kambi ya kikosi kingine, mwendo wa saa mbili. Walinipa chai na biskuti. Nikawaambia kuna mgonjwa, wakasema asubuhi watanipa watu. Ningeweza kuomba chakula nikarudi nacho. Sikuomba. Niliona aibu kumtazama. Nikalala pale."

Nilisikia kuku wakiparua majani kwenye migomba.

"Asubuhi ulimkuta?" mama mkwe aliuliza.

"Nilimkuta."

"Amekufa?"

"Ndiyo. Alikuwa ametoka chini ya turubai. Kopo lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amelikwangua kwa vidole, na makali ya bati yalikuwa yamemkata, vidole vyote vya mkono wa kulia. Tulimzika palepale. Ningeweza kukuonyesha mahali, ningekuwa na ramani."

Sijui kwa nini alisema hilo la ramani.

Mama mkwe hakulia. Aliuliza jambo moja tu. "Alipoomba mara ya pili, alisemaje?"

Muhangi alijibu kwa sauti ndogo. "Alisema, 'Kaka, nibakizie.'"

Mimi niliinuka. Bakuli langu lilimwagika kwenye mkeka na sikuliokota. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, kwa sababu nilikuwa nimekula na nilikuwa nimeyapenda. Niliporudi, Muhangi alikuwa amepiga magoti na mama mkwe alikuwa anakula. Alikula bakuli lake lote, kijiko kwa kijiko, bila haraka. Alipomaliza akafuta mdomo kwa kanga, akachukua bakuli la Muhangi lililokuwa limepoa, akaliongezea kutoka kwenye chungu hadi likafurika, akalisukuma mbele yake.

"Kula," alisema.

"Mama, siwezi."

"Kula."

Alikula akiwa analia. Mama mkwe alimngoja. Lilipokwisha, akamwongezea tena.

Nilifunga vitu vyangu asubuhi iliyofuata. Mzee Ndyamukama alikuja kunizuia, akisema njaa ni njaa, na mambo ya vita yaachwe vitani. Labda alikuwa na haki ya kusema hivyo, ingawa hakuwahi kufika huko. Mama mkwe hakunizuia. Alinisindikiza hadi njiani, akanipa jembe langu na kikapu cha mbegu, akaniambia nikaolewe na mtu mwingine. Nilitembea hadi Kanoni kwa kaka yangu Protase. Sikuolewa.

Miaka iliyofuata nilisikia habari zao kwa Placida, jirani yetu wa zamani, aliyekuwa akija mnadani. Alisema mama mkwe hakumfukuza Muhangi wala hakumsema kwa watu. Alimpikia kila siku. Alimpakulia yeye kwanza, sahani iliyojaa, hata mwaka ule mvua zilipokataa na watu wakala mizizi ya migomba. Akakaa mbele yake hadi akamaliza, bila neno. Kisha ndipo akala yeye, kilichobaki, na kama hakikubaki hakula. Muhangi alijaribu kukataa, alijaribu kugawana naye, alijaribu kulia. Mara moja alikimbilia kwenye machimbo ya bati Kyerwa. Baada ya mwezi akarudi mwenyewe. Placida alisema watu walimsifu Jovitha kwa jinsi anavyompenda mtoto wake aliyebaki. Yeye Placida hakujua kilichotokea, na mimi sikumwambia.

Mama mkwe alikufa mwaka 1953. Nilikwenda mazikoni. Wanawake waliomwosha walisema mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Muhangi alikuwa mnene, uso umevimba, anahema akitembea. Aliwakataza watu wengine wasishike jembe, akachimba kaburi peke yake hadi mikono ikatoka damu, na mzee Ndyamukama akawaambia vijana wamwache.

Baada ya kuzika alinifuata mahali nilipokaa na wanawake.

"Kobusingye," alisema.

"Shikamoo, shemeji."

Hakuitikia. Alisimama mbele yangu, udongo mikononi. "Siku ile mlipokula," alisema, "ningenyamaza, ungekuwa mke wangu. Mama angekuwa hai. Nilifanya vibaya kusema?"

Wanawake walikuwa wanatusikiliza. Nilifikiri juu ya jibu, na nilifikiri kwa kweli, kwa sababu alikuwa ananiuliza kwa kweli.

"Sijui," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea salamu. Kisha mtu akaja kuniambia chakula cha waombolezaji kimekwishapakuliwa, nikainuka kwenda kunawa. Muhangi alibaki pale aliposimama, na sikumwona akija kula.