Mikarafuu ya Machano Haikai Kwake

"Geti uliliacha wazi wewe," alisema Muhiddin.

"Lini mikarafuu ikahitaji geti?" Kazija akamjibu mumewe. "Jana nililifunga kwa mnyororo, ikapita juu ya ua. Ua wenyewe ule pale, tazama, umelala chali."

"Ungeniita."

"Nikuite uifanye nini? Uisomee?"

Shemsa alikuwa amekaa katikati yao barazani, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mgeni wao. Alifika Unguja kutoka Mombasa kwa meli Jumatano, na leo Ijumaa usiku alikuwa arudi na meli ile ile, itakapopita kutoka Dar es Salaam. Yeye na Kazija walisoma pamoja chuo cha ualimu, wakalala chumba kimoja, na waliahidiana kutembeleana kabla hawajazeeka. Shemsa ana watoto watano. Mwanamke mwenye watoto watano hana subira na ugomvi unaozunguka pale pale.

"Hebu nambieni," alisema. "Mnagombania geti au mnagombania miti?"

"Tunagombania jela," alisema Muhiddin.

Wakamweleza, kila mmoja akimkatiza mwenziwe. Nyumba hii ya Dole ilijengwa na babu yake Muhiddin katikati ya shamba la mikarafuu, iwe ya kuja kupumzika na kusimamia uchumaji. Nyumba ya kukaa ilikuwa mjini, mtaa wa Malindi. Baada ya Mapinduzi nyumba ya mjini ilichukuliwa na serikali, na shamba likakatwa eka tatu tatu wakapewa watu wasiokuwa na ardhi. Muhiddin na mkewe wakabakia na nyumba ya shamba, uwanja wake na jiko la nje. Muhiddin akapata ukarani mjini, anakwenda kwa baskeli. Alisema hakuwa na kinyongo. Alilisema hilo mara nyingi, na kwa sauti, dirisha likiwa wazi.

Eka tatu zilizopakana na uwanja alipewa Machano, mtu aliyekuwa mchukuzi bandarini. Machano alipanda muhogo pembeni, akajenga kibanda, akangojea msimu. Msimu haujafika, mikarafuu yake ikaanza kuondoka. Kila siku baada ya sala ya alasiri iling'oa mizizi, ikakung'uta udongo, ikaja kusimama katika uwanja wa Muhiddin. Ilitembea polepole, imeinua mizizi kama wanawake wanaoinua mabuibui kupita kwenye dimbwi. Asipotokea mtu wa kuirudisha, ililala hapo hapo mpaka asubuhi.

"Na sheria yasemaje?" aliuliza Shemsa.

"Mkarafuu wa Machano ukionekana kwangu, nimeuiba," alisema Muhiddin. "Nilikuwa nao, nikanyang'anywa, sasa unao uwanjani kwangu. Wewe ungesemaje?"

Mwaka jana askari walimchukua. Alirudi baada ya wiki kadhaa, kichwa kimenyolewa na meno mawili ya mbele hayapo, na tangu hapo hula muhogo uliopondwa. Usi, mwenyekiti wa tawi la chama, ambaye si mtu mbaya, alimwambia kuwa safari ya pili yeye hataweza kumsemea. Na Usi alikuwa aje leo, baada ya alasiri, kukagua.

"Mara hii hatarudi," alisema Kazija. Aliyasema kama mtu anayesema sukari imekwisha, lakini kikombe kile kile alikuwa akikifuta tangu mwanzo wa mazungumzo.

Waadhini wakaadhini. Muhiddin akaswali pale pale barazani. Alipotoa salamu ya mwisho, mikarafuu ilikuwa imeshaingia uwanjani. Iliupita ua ulioanguka, ikayazunguka mashina ya mipapai, ikasimama kwa msukosuko mdogo wa majani, kama watu wanaotafuta pa kukaa msikitini. Harufu yake ikaingia ndani ya chai.

Nyuma yake alikuja Machano, ana kamba begani na jasho usoni.

"Asalaamu aleikum."

"Waaleikum salaam. Leo umechelewa," alisema Muhiddin.

"Nlikuwa nnasali. Miti haisali, ndiyo maana inanitangulia." Akamwona mgeni. "Karibu Unguja, bibi."

"Ahsante. Hii miti inazaa?"

"Itazaa saa ngapi? Mchana imechoka, jioni imo njiani." Machano akaikunjua kamba. "Nami vivyo hivyo."

Yeye na Muhiddin wakaanza kazi yao ya kila siku. Walifunga mkarafuu mmoja kiunoni, wakauvuta pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma, huku wakizungumza bei ya samaki. Walikuwa wameshazoeana. Mkarafuu ukakubali kwenda hadi kwenye ua ulioanguka, kisha ukakaa kitako.

Shemsa aliweka kikombe chini. Alikuwa na tabia ya kuangalia mambo kama anayeangalia mtoto anayelia, kwanza ajue panapouma.

"Muhiddin, miti yako..."

"Si yangu," alisema Muhiddin haraka.

"Miti ya Machano, basi. Mbona inakupa mgongo?"

Wote wakatazama. Mwaka mzima walikuwa wakiitazama wakiwa barazani, wakadhani imekuja barazani. Matawi yake yote yalikuwa yameelekea jiko la nje. Huko ndani Sichana alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Tawi moja liliingia dirishani, naye akalisukuma kwa kiwiko kama mtu anavyomsukuma paka, akaendelea kukuna.

Sichana alikuwa mtumishi wa nyumba. Alikuwa mkubwa kuliko Muhiddin, lakini kila mtu alimwita Sichana tupu bila ya Bi, hata watoto wa jirani.

"Sichana," aliita Shemsa.

"Naam."

"Hebu nenda kisimani mara moja."

"Maji yapo, Bi Shemsa."

"Nenda tu."

Sichana akajifuta mikono, akatoka, akenda kisimani. Mikarafuu ikageuka, ikamfuata. Ule uliokaa kitako ukainuka na kamba yake, ukamburura Machano hadi alipoiachia. Sichana akasimama kisimani, hana la kufanya, akachungulia ndani. Shemsa akamwita arudi. Mikarafuu ikarudi naye.

Machano akakaa juu ya ngazi. "Mwaka mzima navuta kamba," alisema.

"Mama yake Sichana ndiye aliyeipanda," alisema Muhiddin. "Na yeye ndiye aliyekuwa akiimwagilia maji ilipokuwa miche. Bado mtoto."

"Na mamake alitoka wapi?"

"Alizaliwa hapa. Bibi yake ndiye aliyeletwa. Alikuja na bibi yangu mimi siku aliyoolewa, pamoja na masanduku ya vyombo. Alikuwa zawadi ya arusi." Alilieleza hilo kama mtu anayeeleza kabati la nyumbani kwake lilinunuliwa wapi.

"Wewe unamlipa ngapi?"

"Shoga," alisema Kazija, "Sichana ni mtu wa nyumbani. Anakula, anavaa. Sikukuu tunamshonea."

Shemsa akashuka uwanjani. Akamuuliza Sichana mwenyewe kwa nini miti inamfuata.

"Labda ina kiu," alisema Sichana. Akarudi jikoni, maana nazi iliyokunwa haitaki kukaa.

Usi alifika kwa baskeli, ana mfuko wa ngozi na kalamu mbili kifuani. Akaiegemeza baskeli kwenye mkarafuu uliokuwa karibu, akaamkiana na wote, akakubali chai. Kisha akasema amekuja kwa mambo mawili, miti na mizigo ya mgeni. Siku hizo mgeni hakutoka kisiwani na kitu ila kiandikwe tawini, kwa ajili ya magendo ya karafuu.

"La miti nalijua dawa yake," alisema Shemsa. "Inamfuata yule mama wa jikoni. Mpeni eka tatu, ikae kwake, na huyu Machano mpeni nyingine."

Usi alilifikiri hilo kwa uaminifu. "Haiwezekani, bibi. Wakati wa kugawa, yeye aliandikwa katika nyumba ya Muhiddin. Nyumba ya Muhiddin ni ya wenye mashamba. Kwa hivyo naye ni mwenye mashamba."

"Hana hata kuku."

"Hana. Lakini ni mwenye mashamba."

"Basi ahamie kwa Machano. Ajengewe kibanda hapo hapo mitini."

Machano alitikisa kichwa kabla Usi hajajibu. "Mie nimekaa mashamba ya watu miaka yangu yote, bibi. Nikimweka mtu kwangu nitaambiwa na mie nshakuwa bwana shamba. Nitanyang'anywa."

"Kweli," alisema Usi. "Mambo ya mtu kukaa kwenye shamba la mwenziwe tumeyapindua."

"Akikaa hapa, Muhiddin anafungwa. Akienda kwa Machano, Machano ananyang'anywa. Akae wapi?"

Usi akanywa chai yake. Alikuwa mtu wa haki, na swali lile lilimsumbua kiasi cha kuongeza sukari. Kisha akatoa karatasi, akaiweka juu ya goti. "Tumalize la mizigo kwanza, maana hili la miti nitaondoka na mtu. Mgeni anachukua nini?"

Muhiddin akainuka, akaenda kuvaa viatu. Alivaa vile vya kamba, akaifunga vizuri, akakaa tayari. Kazija alimtazama anavyofunga.

"Shokishoki, kikapu kimoja," alisema Kazija. Sauti yake haikubadilika. "Halua. Doti mbili za kanga. Doriani moja."

"Doriani meli haikubali. Inanuka."

"Toa doriani." Akatazama jikoni. "Na Sichana."

Usi akainua kalamu. "Sichana yupi?"

"Huyu. Nampa shoga yangu. Hajapata kunitembelea tangu tutoke chuo, siwezi kumwacha arudi na shokishoki tu." Akamgeukia Shemsa. "Una watoto watano, shoga. Utamhitaji."

Mikarafuu ilikuwa imetulia. Jikoni, mbuzi ilinyamaza, kisha ikaendelea.

"Mtu kwenda nje ya kisiwa anaombewa kibali mjini," alisema Usi, akijisemea. "Kinakaa miezi. Zawadi ya mgeni, hiyo tawi lenyewe linaidhinisha." Akatazama karatasi, akaona ina nafasi. "Yeye mwenyewe amekubali?"

Kazija akashangaa kidogo. "Hajapata kukataa kitu."

Wote wakamtazama Shemsa. Shemsa alimtazama Muhiddin na viatu vyake, akamtazama Machano anayeukunja mkono uliochubuliwa na kamba. Alifikiri nguo za watoto watano, na maji ya kuchota, na kwamba nyumbani yuko mtoto wa mwisho ambaye hajaanza kutembea. Alifikiri pia kwamba lilikuwepo jambo jingine la kusema. Alikuwa mwalimu, angeweza kulipanga likasikika. Lakini teksi ya kumpeleka bandarini ilikuwa imeshapiga honi barabarani, na lile jambo halikuwa na mahali pa kukaa kisiwani, sawa na Sichana.

"Andika," alisema.

Usi akaandika chini ya kanga. Shemsa akatia sahihi. Usi akapiga muhuri, akasema kuwa miti ikishatoka nje ya uwanja huu yeye hana kesi na Muhiddin, na ikiwa barabarani watajuana na watu wa barabara. Muhiddin akavua viatu.

Sichana aliitwa akaambiwa. Akauliza kama tui alimalizie kwanza. Kazija akasema atalimaliza mwenyewe, na hapo akalia kidogo, maana hakujua kupika mchuzi wa papa. Akaleta kanga mpya kutoka kabatini, akamtanda Sichana begani kwa mikono yake, akamwambia amwie radhi kwa yote. Sichana akasema radhi zipo. Akakusanya vitu vyake ndani ya kanga ya zamani, akafunga fundo moja, na fundo lile halikujaa.

Muhiddin alibeba sanduku la Shemsa hadi kwenye teksi. Sichana akataka kupanda nyuma kwenye buti pamoja na kikapu cha shokishoki. Shemsa akamwambia asifanye upuuzi, akae kitini.

Teksi ilipoondoka, mikarafuu ilitoka uwanjani ikashika barabara. Ilipita juu ya eka za Machano bila ya kugeuka. Machano akasimama kando na kamba yake, akaihesabu kwa macho ikipita, kisha akaanza kuifuata, kwa kuwa hakuwa na shamba jingine.

"Barabara hii siku hizi ina miti," alisema dereva, akasogea kando.

Sichana alikaa amenyooka, fundo lake mapajani. Walipofika njia panda ya kwenda mjini alizungumza bila ya kuulizwa, kwa mara ya kwanza tangu Shemsa afike Dole.

"Bi Shemsa, huko kwenu kuna miti?"

"Ipo. Tuna shamba la minazi Kisauni."

"La nani?"

"La mume wangu."

Sichana akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. "Nani aliyeipanda?"

Shemsa hakuwahi kuuliza. Alitazama nyuma. Mikarafuu ilikuwa ingali inakuja, mbali kidogo sasa, imeinua mizizi. Akamgusa dereva begani, akamwambia aongeze mwendo, meli haimngojei mtu.