Nyumba Hii Haiuzishwe

Watu wa Shasha wanasemaka Agathe iko na mudomo. Niko nayo. Kama unatafuta hadisi ya muntu mupole, pita kwa jirani, mimi nasema vile mambo ilikuwa.

Nyumba yenyewe, kama umepita barabara ya Sake kwenda Minova, umeiona: vyumba mbili ya biashara, kila moja na mulango yake ya chuma, paa ya manjanja mupya juu, inaangalia soko uso kwa uso. Tulijenga mimi na bwana yangu Benoît. Yeye alipanga mawe, mimi nilibeba muchanga kutoka ku ziwa, kichwani, na mimba ya mutoto wa tatu mbele yangu. Miaka mine tulijenga. Tulipomaliza, Benoît aliishi mwaka moja tu.

Matanga haijaisha, ndugu yake mudogo Zéphyrin akakuya na muntu mwenye kupima parseli, kiwanja yetu, kwa hatua. Kupima! Mimi ningali na kitambaa ya kilio ku kichwa! Sikumuuliza kitu. Nikanunua rangi nyekundu, nikapanda juu ya kiti, nikaandika ku ukuta wa mbele, herufi kubwa sawa mukono muzima: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Muntu wa kupima akasoma, akapanda pikipiki yake, akaenda. Tangu ile siku nilipenda ile maandishi sawa muntu anapenda mbwa yake mukali.

Sasa nyumba ya biashara haiishi na maandishi, inaishi na lokateri, mupangaji mwenye kulipa. Ya kwanza alikuya muzee mumoja wa kuuzisha sima ya kujenga. Akaangalia ndani, akafurahi, akasema atarudia juma ingine na kontra ya kupanga. Alirudia kweli. Lakini ile asubuhi tuliamuka tukakuta chini ya maandishi yangu kuko ingine, nyeusi, ya oyili chafu ya pikipiki: PARSELI IKO NA MATATA. Muzee wa sima alisoma ya juu, akasoma ya chini, akanipa mukono sawa vile wanapeana mukono ku kilio. Sikumuona tena.

Nani angeshindwa kujua nani aliandika? Zéphyrin anatengenezaka pikipiki ngambo ya barabara, na mikono yake iko nyeusi hata siku ya komunyo. Lakini sikumukamata, na muntu mwenye haukumukamata haumuite mwizi mbele ya shefu wa kijiji. Kwa hiyo nilimujibu ku ukuta. Nikaandika kwa nyekundu: MUONGO. Kiisha siku tatu, kioo ya dirisha ikavunjwa na jiwe. Nikaandika: MUNGU ANAKUONA. Akaandika: HATA WEWE ANAKUONA. Watoto wa shule nao wakapata nafasi, wakachora mbuzi, na mumoja akaandika Ngabo anamupenda Igiraneza. Yesu wangu! Ukuta wangu ikakuwa sawa gazeti, watu wa soko wanapita asubuhi kuangalia kama kuko mupya.

Lokateri wa pili, wa kutuma pesa kwa simu, hakushuka hata ku pikipiki. Wa tatu aliletwa na Isidore mwenyewe, komisioneri wetu, dalali wa nyumba, kutoka Minova. Alipofika karibu ya ukuta, ule muntu akamuuliza Isidore: "Hapa watu wanapiganaka na nini, panga ao karatasi tu?" Isidore aliniambia, "Mama Agathe, mimi sileti tena muntu. Ile ukuta yako inanivunjia jina."

Ku Pasaka, familia ya Benoît ikaitisha kikao. Karatasi ya parseli iko na jina ya Benoît, na Benoît iko ndugu yao, kwa hiyo hapo kila muntu anajisikia bwana nyumba, hata wenye hawakubeba jiwe moja. Zéphyrin akasimama, mupole sawa katekista. "Nyumba inalala bure," akasema. "Kama Pentekoste inafika na hakuna lokateri, tuuzishe, kila muntu apate kidogo." Wajomba wa Benoît wote wakaitika. Mimi nilitoka pale bila kuaga. Siku ile niliogopa, naisema wazi. Niliona muchanga yangu yote inarudia ku ziwa.

Kumbe Mungu hakulala. Mbele ya Pentekoste akakuya mama mumoja, Francine, munganga wa hospitali kule Kirotshe, mwenye alitaka kufungula depo, duka ya madawa. Wagonjwa wa Shasha wanatembeaka mpaka Kirotshe juu ya vidonge vitatu tu, na yeye alichoka kuwaona. Nyumba ilimupendeza. Alipima kivuli ya ndani, juu madawa haitaki joto, alifungula milango, aligonga ukuta na kidole. Kiisha akasimama inje, akasoma maandishi yote, kutoka juu mpaka chini, polepole, sawa anasoma karatasi ya daktari.

"Mama Agathe," akasema, "nyumba iko muzuri sana. Lakini siwezi."

"Juu ya ile nyeusi? Ile iko bongo, uongo mutupu! Muulize shefu, muulize majirani wote wane wa mipaka."

"Ile nyeusi sikuiogopa. Kila parseli iko na muntu wa wivu. Naogopa ile nyekundu ya juu."

"Ile nyekundu njo yangu!"

"Najua. Kanisa yenu imeandikwa haiuzishwe? Nyumba ya shefu imeandikwa? Wenye wanaandikaka vile ni wenye wanaogopa. Nikisoma pale, naelewa kama ndani ya familia kuko muntu mwenye anataka kuuzisha, na wewe haumuwezi. Nitaweka madawa yangu ndani, siku moja niikute ku barabara ndani ya mavumbi?"

Eh, nilimujibu vibaya. Nilimuambia kama anaogopa herufi, aende kuuzisha kwenye watu hawajue kusoma. Muntu mwingine angepanda pikipiki. Yeye alifunga tu mufuko wake.

"Siku moja ya soko inabakia mbele ya Pentekoste," akasema. "Nitarudia. Nikikuta ukuta safi, na familia ya bwana yako inakubali mbele ya macho yangu, nasaini. Nikikuta herufi moja tu, nakamata nyumba ingine kule Kirotshe. Kwaheri, mama."

Nilirudia nyumbani nimefura. Mama mukwe wangu, Nyirabagenzi, anaishi na mimi tangu Benoît alikufa. Alikuwa anachagula maharagi ku lungo. Nikamuelezea yote, nikimutukana ule munganga, nikingoja aniunge mukono. Yeye akaendelea kutosha vijiwe.

"Ule mama amesema kweli," akasema.

"Hata wewe, mama?"

"Mimi sijue kusoma. Lakini kila nikipita ku soko, watu wananisomea. Wananisomea ile nyekundu, kiisha wanaangalia Zéphyrin. Mutoto wangu alikosa, alileta muntu wa kupima. Ilifaa uniite, umuite, tukae, tumugombeze mpaka alie. Wewe ulimuandika. Unajua vile inaumaka, mama kusomewa mutoto wake ku ukuta?"

 Mimi! Nilitoka inje nikalia nyuma ya jiko, na hasira ilikuwa nusu, haya ilikuwa nusu. Miaka yote nilifikiri ile maandishi inalinda nyumba. Kumbe njo ilikuwa inaifunga.

Sasa, kufuta ukuta iko kazi ya chokaa ndoo mbili. Lakini nikifuta leo, kesho kutakuwa oyili ingine, na Francine ataikuta. Niliwaza siku mbili. Mwenye anaandika anajificha, kwa hiyo dawa yake ni watu. Nikasema, sitafuta mbele ya siku ya soko. Nitafuta ile siku yenyewe, saa ine ya asubuhi, soko ikijaa, Francine akiangalia.

Nikavala kikwembe, kitenge yangu ya siku ya kanisa. Ndiyo, juu ya kupaka chokaa! Nikaita shefu, nikaita wajomba, nikamukalisha mama mukwe ku kiti kile kile chenye nilipandaka kuandika. Francine alifika, akasimama pembeni na mufuko yake. Nikaingiza brosi ndani ya chokaa, nikaanza na ya kwangu. Neno HAIUZISHWE njo nilipiga mbele. Wamama wa samaki wakaacha kuita wateja. Mumoja akapiga kelele, "Agathe, umeuzisha?" Nikamuambia, "Wapi! Ngoja uone."

Nikafuta ya kwangu, nikafuta MUONGO, nikafuta mbuzi, nikafuta hata upendo ya Ngabo, anisamehe. Kiisha nikafuta ya nyeusi. Oyili inasumbuaka, inapita ndani ya chokaa, nikarudilia mara tatu. Zéphyrin alikuwa amesimama ngambo ya barabara, ufunguo ya pikipiki mu mukono. Nikamugeukia.

"Shemeji, kuya hapa."

Alikuya. Watu wote walikuwa wanaangalia, hangeweza kubakia.

"Ukuta iko safi," nikasema kwa nguvu, kila muntu asikie. "Mwenye iko na neno juu ya hii nyumba, brosi njo hii, oyili iko kule kwako. Aandike sasa, muchana, mbele ya shefu na mbele ya huyu mama wa madawa. Na aweke jina yake chini."

Nikamupa brosi. Na yeye akaikamata!

 Niliona Francine anashika kamba ya mufuko wake. Zéphyrin akaangalia ukuta, akaangalia wajomba. Hakuna mujomba hata mumoja aliinua macho. Basi mama mukwe akasema, polepole, sawa anasema na mutoto wa kunyonya:

"Andika, mutoto wangu. Kiisha unisomee wewe mwenyewe. Na uandike pia nani alibeba muchanga, juu mimi nilikuwa nabakia na watoto wake."

Zéphyrin alishusha brosi. Chokaa ilikuwa inatonya ku viatu vyake. Kiisha akaniambia, sauti ya chini, "Uliandika mbele, shemeji. Haukuniita. Uliandika."

Haki ya Mungu, nilikuwa na jibu. Nilikuwa na ya muntu wa kupima, ya kioo, ya muzee wa sima, yote ilikuwa imepanga mustari mudomoni, inangoja kutoka tu. Nikaimeza. Hakuna muchanga yenye nilibeba ilikuwa nzito sawa ile kumeza.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikosa. Ndiyo maana nimefuta."

Akatikisa kichwa kidogo. Akaangalia juu. Yeye iko murefu kuliko mimi, sawa Benoît, na kule juu kabisa, kwenye sikufika bila kiti, kulikuwa kumebakia rangi nyekundu, kichwa ya herufi tatu ao ine. Akanyoosha mukono, akaipaka. Akarudilia mara ya pili. Kiisha akanirudishia brosi na akapanguza mikono ku suruali, sawa vile anafanyaka akimaliza pikipiki ya muteja.

Shefu, mwenye anajua saa ya kusema na saa ya kunyamaza, akauliza wajomba kama kuko muntu iko na neno. Hakuna. Wenye waliitika ku Pasaka wakaitika nyumba ipangishwe, kwa nguvu ile ile. Francine akatosha kontra mu mufuko. Alisaini juu ya meza ya mama wa samaki, mimi nikasaini, shefu akapiga muhuri. Kwenye wanaandikaka shahidi wa familia, Zéphyrin akasaini, na akaacha alama ya kidole ya chokaa pembeni ya jina yake. Iko mpaka leo. Niliionyesha Isidore, nikamuuliza kama jina yake imepona. Alicheka.

Francine aliniuliza aandike nini ku ukuta, juu iko nyumba yangu. Nikamuambia andika yako. Akaandika DEPO YA MADAWA, ya kijani, na saa ya kufungula. Jina yangu haiko kule hata kidogo. Mwanzo ilinikamata, siwezi kudanganya. Nikipita, macho yangu ilikuwa inatafuta ile nyekundu.

Juma ilipita, nilikuwa natoka ku ziwa na maji. Dereva mumoja wa kamyo, mugeni, alisimamisha gari karibu ya garaji ya Zéphyrin, mifuko ya sima nyuma. Akaonyesha na kidole kule kwenye chumba ya pili, yenye ingali haijapata muntu.

"Kaka, ile nyumba iko ya nani? Natafuta pa kupanga."

Zéphyrin alikuwa amelala chini ya pikipiki, mikono yote mu oyili. Hakuinua hata kichwa.

"Ya Mama Agathe," akajibu. "Muke wa ndugu yangu mukubwa. Uende uongee na yeye, lakini ujipange vizuri, iko na mudomo."

Nilikuwa nyuma yake kabisa na ndoo yangu kichwani. Nikapita bila kusema kitu.