Kipande cha Kumi na Saba

Saa mbili asubuhi lebo zilikuwa bado hazijatoka, na lori lilitakiwa kuondoka hapa Makambako saa tano. Bila lebo, maparachichi ya Uwemba yangebaki uani, na parachichi likishachumwa halimsubiri mtu.

"Nilikwambia, Scholastica," alisema meneja wangu, mzee Hosea. "Umeikatakata programu vipande kumi na saba, ndiyo maana inatambaa. Viunganishe viwe faili moja."

Nilikasirika, sifichi. Ile programu ya XSLT, inayogeuza orodha za wakulima kuwa lebo za makasha, niliigawa kwa makusudi, ili kila mmoja arekebishe chake bila kugusa cha mwenzake. Kipande cha Uwemba kilikuwa mikononi mwa mwenzangu Vestina, ofisini Njombe, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua wakulima wa kule. Lakini mkubwa ni mkubwa. Nikaviunganisha, tukaiendesha. Ikatambaa vilevile.

Mimi nikakaza buti. Nilipima kipande kimoja kimoja, na kumi na sita vilimaliza kufumba na kufumbua. Cha kumi na saba, nilichokiandika mwenyewe, kifupi na kizuri kukitazama, ndicho kilichokuwa kinatuua. Kwetu mkulima ana miti nyumbani, mingine ng'ambo ya bonde, mingine kwa wakwe. Basi kwa kila kasha nilikuwa naifungua upya orodha nzima ya vijiji na kuisoma tangu juu, ili kujua limetoka kijiji gani. Makasha elfu tatu, orodha mara elfu tatu. Ni kama kwenda mtoni kwa kila kikombe cha chai. Niliona aibu. Kwa udogo wake hakuna aliyekitilia shaka, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikavitenganisha tena vipande vyote kumi na saba. Sasa orodha ilisomwa mara moja tu, mwanzoni, kisha vipande vingine vikapewa ikiwa tayari. Dakika mbili, lebo zote mezani.

Saa nne na nusu Vestina akapiga simu. "Kamwene, dada. Nimeziona lebo kwenye kompyuta; za mzee Odilo wa Uwemba zinaonyesha kijiji cha wakwe zake. Wewe usiguse kitu, nimesharekebisha kipande changu. Chapisha tena za kwake."

Nikachapisha. Hosea alikuwa nyuma yangu.

"Amerekebisha akiwa hukohuko Njombe?"

"Hukohuko."

"Na ingekuwa ile faili moja?"

Nilipogeuka nimjibu, alikuwa ameshazichukua lebo za Odilo, anakimbia nazo mwenyewe kwenye lori.