Shimo la Mbele ya Sinki

"Wageni wanaandika hapa," mlinzi alisema, akimsogezea kitabu bila kumtazama machoni.

Mama Mwiko aliegemeza fimbo ukutani, akajiandika kwenye safu ya wageni. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akilipita lango hilo la chuo alfajiri, kwenda kuwasha majiko, na mlinzi huyu huyu alikuwa wa kwanza kunyoosha sahani. Jina alipewa na wanafunzi, kwa sababu mwiko wake haukujua upendeleo: mtoto wa tajiri na asiye na mbele wala nyuma walipakuliwa sawa. Leo alikuwa mgeni. Nauli ilikuwa imepanda tena, kwa hiyo alishuka kabla ya kituo chake na kumalizia njia kwa miguu, nyonga ikimlilia.

Hata hivyo alikuja na moyo mkunjufu. Mkaguzi wa ofisi ya kazi alikuwa anakuja kuliona shimo.

Lilikuwa mbele ya sinki kubwa la jikoni, mahali ambapo vigae vilibonyea kwa sababu ya bomba lililovuja chini ya sakafu. Mama Mwiko alikuwa amemwambia msimamizi habari zake mpaka ulimi ukaota sugu. Ikaja siku yeye na somo yake, mpishi mwenzake, wamebeba sufuria kubwa ya maji ya moto, huyu upande huu na yule upande ule, mguu wake ukazama humo. Aliisukuma sufuria kando ili maji yasimmwagikie mwenzake, akaanguka kiubavu. Nyonga ikavunjika. Barua ya kumwachisha kazi ilimkuta wodini: uzembe. Na mzembe hana fidia.

Somo yake ndiye aliyemlisha kijiko kwa kijiko siku zile.

"Wewe pona tu," alikuwa akimwambia. "Shimo lipo na mimi nipo. Watakataa vipi?"

Sasa, akikaribia jikoni, Mama Mwiko alisikia mashine ikilia kama inakata mfupa. Alipochungulia, majiko yalikuwa yametolewa nje, kwani wanafunzi walikuwa likizo. Fundi alikuwa amepiga magoti, anakwaruza mng'ao wa vigae vya zamani ili gundi ishike. Mbele yake, kutoka ukuta wa mbali hadi katikati ya chumba, vilikuwa vimelala vigae vipya vya kaure, vikubwa, vyeupe, vinang'aa kama vya hoteli. Alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Sinki lilikuwa karibu na mlango. Shimo lilikuwa bado wazi.

"Kazi njema, fundi. Huvunji vya zamani?"

"Sivunji, mama. Napandisha juu ya vile vile. Msimamizi anataka nimalize leo, tena mapema."

"Na hapo palipobonyea?"

"Hapo najaza saruji kwanza. Nikishalaza kigae, hutajua kama palikuwa na kitu."

Mama Mwiko akavuta ndoo tupu iliyokuwa chini ya sinki, akaigeuza, akaiweka juu ya shimo, akakaa.

Fundi alicheka. Alipoona mama hacheki, akaenda kumwita msimamizi.

Msimamizi alikuja na funguo zake zikigongana kiunoni. "Wewe si mfanyakazi wa hapa."

"Kweli. Ni mgeni, nimeandikwa langoni. Nitakaa hapa mpaka mkaguzi aje."

"Si nyinyi mliokuwa mnalia sakafu mbovu? Sasa tunaitengeneza, unakuja kugoma?"

"Tulipolia mliziba masikio. Leo ndiyo mnaziba shimo."

Msimamizi alifungua mdomo, akaitazama fimbo, akaona atakuwa anamburuta mlemavu mbele ya watu. Akatoka. Fundi akawasha sigara nje. Mama Mwiko akabaki na harufu ya gundi.

Haukupita muda, somo yake akaingia mbio, aproni kiunoni.

"Somo yangu! Wamekuacha ukae hapa na nyonga hiyo? Mkaguzi ameshafika, yuko kule ofisini, anakuulizia. Anataka maelezo yako kwanza ndipo aje kuona."

"Aje huku huku nimweleze."

"Unawajua watu wa ofisi, bila kuandika hawaoni. Nenda. Ndoo nitaikalia mimi. Nikikaa mimi si umekaa wewe?"

Mama Mwiko aliinuka, akishikwa mkono. Somo yake akakaa pale pale. Mama Mwiko akageuka mlangoni kumtazama, wakatabasamiana.

Ofisini palikuwa na karani peke yake. "Mkaguzi? Kaa kwenye benchi, mama, atakuja." Akakaa. Karani akawa anapiga mihuri yake, asubuhi ikayoyoma, mkaguzi haji. Mashine kule jikoni ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Kisha ikanyamaza moja kwa moja, na katika kimya kile ndipo moyo ulipomwambia kuna jambo.

Alirudi kwa haraka yote aliyoiweza. Kamba ilikuwa imefungwa mlangoni pa jiko, na ndani sakafu nzima inang'aa, ukuta kwa ukuta. Ndoo ilikuwa nje, fundi anaoshea vyombo vyake. Mwanamume mwenye faili alikuwa amesimama na msimamizi. Somo yake alikuwa ameegemea ukuta, anatazama chini.

"Mlalamikaji ndiye huyu," msimamizi alisema.

"Mama," mkaguzi akasema, "umelalamikia sakafu. Mimi naona sakafu nzuri."

"Shimo liko chini yake. Muulize fundi."

Fundi alizidi kusugua mwiko wake. "Mimi nimelaza vigae tu, bosi."

"Basi muulize huyu. Sufuria tulibeba pamoja."

Mkaguzi akamgeukia somo. "Palikuwa na shimo?"

Somo alikuwa akisokota pindo la aproni. "Nilimwona akianguka. Shimo sikuliona."

Mama Mwiko alidhani amesikia vibaya. Akangoja aseme tena, aseme vingine.

"Somo," akaita taratibu. "Umenilisha kwa mkono wako."

"Mkataba wangu unaisha mwezi huu." Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba wako wawili tu. "Nyumbani hakuna mwingine mwenye kazi. Ungekuwa wewe, je?"

"Ningekuwa mimi, ningekuambia ulipokuwa bado umekalia ndoo."

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kuandika. Ndipo Mama Mwiko akainua kamba, akapita.

"Mama! Gundi haijakauka!" fundi akapiga kelele.

Alitangulia na fimbo. Vigae viliteleza chini ya viatu vyake, gundi ikachuruzika kwenye maungio yake. Mbele ya sinki akasimama, akakandamiza fimbo kwa uzito wake wote. Pembe ya kigae ikazama, na rojo la saruji likapanda juu yake.

"Hapa," alisema. "Njoo uone."

Mkaguzi aliangalia kutoka mlangoni. Kisha akaangalia viatu vyake. "Kigae kibichi kitazama popote, mama." Akafunga faili. Msimamizi akamshika bega, wakaenda zao wakizungumzia chakula cha mchana.

"Sasa itabidi nirudie," fundi akalalamika.

"Nisamehe, mwanangu. Ugomvi si wako."

Somo yake alikuwa amefika kwenye kamba, machozi yanamtoka, mkono ameunyoosha. "Toka humo, somo. Shika mkono wangu. Utaanguka tena."

Mama Mwiko aliutazama ule mkono.

"Nikianguka leo," akauliza, "utasema umeona nini?"

Hakungoja jibu. Akashika ukuta, akatoka polepole, akainua kamba mwenyewe.