Barabara ya Kisiwa Panza

Kisiwa Panza, pembeni mwa Pemba, hakikuwa na gari, wala punda wa kukokota gari, lakini mwaka 1959 kilipata mpango wa barabara. Mpango huo aliuandaa Mzee Ali Liang, mnunuzi wa majongoo ya pwani ya kukausha na kuuza Uchina, kwa uzito wote unaostahili kazi za umma: vigingi, kamba ya usumba, na uso usiocheka.

Barabara ilikuwa ya mtu mmoja tu. Jina lake Fung, binamu yake Mzee Ali, aliyewasili kutoka Kantoni kwa kupitia Hong Kong akiwa na kijibegi kimoja.

Zamani, Ali akiwa kijana, ameshahamia Pemba, mji wao wa Kantoni ulibomoa ukuta wake wa kale ukapasua njia pana. Fung akamwendea mama yake Ali, mjane, akamwambia, "Shangazi, barabara inapita hapa." Bibi wa watu akahamia shamba, akafia kwenye banda la bata. Barabara ikapita mtaa wa pili. Pale penye nyumba ya mama, Fung akasimamisha duka la hariri la ghorofa tatu. Habari hizo Ali alizipata kwa Wachina wenzake wa Unguja. Alizimeza, lakini hazikupata kushuka.

Sasa serikali mpya ya huko imelichukua duka, na Fung kaja kutafuta kazi na pa kulaza ubavu.

"Karibu, ndugu yangu," Mzee Ali akamkumbatia, akampa kibanda chenye upepo mzuri na wali kwa pweza.

Mkewe, Bi Mize, akamvuta pembeni. "Mume wangu, huyu si yule wa banda la bata?"

"Ndiye. Mgeni siku mbili, mke wangu."

Siku ya tatu, badala ya jembe, Mzee Ali akampelekea Fung kigingi. "Ndugu yangu, naona haya kukwambia. Barabara inapita hapa."

Fung akakitazama kigingi. Akaitazama kamba, upande mmoja kaishika Bakar mvuvi, upande wa pili Sheha Jecha mwenyewe, mkuu wa kijiji, aliyevaa koti kwa heshima ya shughuli. Kuuita mpango huo uongo kungekuwa kukiri kwamba anaujua tangu alipouzaa mwenyewe kule Kantoni.

Akahama. Barabara nayo ikawa haiishi kukata kona. Ilimsogeza mpaka kwenye mabanda ya kuku, kisha kwenye moshi wa pipa la kuchemshia majongoo, kisha ukingoni mwa shimo ambamo majongoo hufukiwa mchangani ngozi ioze, kabla ya kusuguliwa kwa majani ya mpapai. Asiyewahi kuinusa harufu hiyo na amshukuru Mola.

"Sheha, barabara gani hii inapinda kama samaki mkunga?" Bakar akauliza.

"Wataalamu ndivyo walivyoona," Sheha akajibu, akakohoa kuficha kicheko.

Asubuhi moja vigingi vikafika hata pale shimoni. Fung akatoka na harufu yake, akapiga kelele kwa lugha ya kwao hata watu wakajaa.

"Anasema," Mzee Ali akatafsiri kwa utulivu wa kadhi, "kisiwa hiki hakina hata baiskeli, barabara ya nini?"

"Hapo kasema kweli," akaitikia Bi Mize.

Mzee Ali akamgeukia binamu yake. Miaka yote hiyo alitaka jambo moja, kusikia kwa mdomo ule ule kwamba mama yake aligoma, alitukana, alitolewa kwa nguvu. "Mama yangu naye aliuliza hivyo?"

Fung akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ndogo. Safari hii Mzee Ali hakutafsiri.

"Kasemaje?" Bi Mize akauliza.

"Anasema mama hakuuliza. Alikunja mkeka wake, akamshukuru kwa kuwahi kumwambia."

Sheha akaiachia kamba. "Yatosha, Mzee Ali," akasema Bakar.

Mzee Ali akaiokota kamba mwenyewe. Akateremka mpaka maji ya bahari yanapofika yakijaa, akapigilia kigingi kingine.

"Ndugu yangu, barabara inapita hapa. Kunja mkeka."

Fung akainama, akaanza kuukunja.

"Na ushukuru."